UZI: Sofia Kovalevskaya, mwanahisabati wa kalamu mbili. Tuanze na alichokiandika

Mleta uzi

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Jambo hili limenikaa rohoni muda mrefu. Kila nikikutana na habari za Sofia Kovalevskaya, nasimuliwa mambo yale yale: kwamba aliolewa ndoa ya jina tu, kwamba mumewe alijiua, kwamba mwandishi Dostoevsky alimposa dada yake, kwamba alikufa akiwa na miaka 41. Yote ni kweli. Lakini ukifika mwisho wa simulizi hujui huyu mama aligundua nini. Unamhurumia, basi. Mimi naona tunamdhulumu. Naomba uzi huu tuufungue kwa maandishi yake, na maisha tuyaingize pale yanapotusaidia kuyaelewa maandishi.

Alizaliwa Moscow mwezi Januari 1850. Baba yake, Korvin-Krukovsky, alikuwa jenerali wa mizinga. Baba alipostaafu familia ikahamia shambani kwao Palibino. Nyumba ikapigwa karatasi za ukutani upya, karatasi zikapungua kwa chumba kimoja cha watoto. Kuagiza nyingine kutoka Petersburg kwa ajili ya chumba kimoja kukaonekana ni gharama ya bure, wakachukua makaratasi yaliyokuwa darini wakabandika. Makaratasi hayo yalikuwa mihadhara ya mwanahisabati Ostrogradsky ya kalkulasi, yaani hesabu za mabadiliko, ambayo baba aliinunua ujanani.

Sofia mwenyewe anasimulia katika kumbukumbu zake za utotoni kwamba alisimama mbele ya ukuta ule saa nyingi, akijaribu kupanga ukurasa upi unafuata upi. Hakuelewa neno. Alipoanza kufundishwa kalkulasi akiwa na miaka 15, mwalimu wake Strannoliubsky alishangaa, maana binti alizipokea dhana kama mtu anayekumbushwa.

Watu wengi hukomea kwenye ukuta. Mimi hupenda zaidi kisa kingine. Jirani yao, profesa Tyrtov, aliwaletea kitabu chake cha fizikia. Sofia akafika sura ya mwanga akakuta neno sine, na trigonometria hajawahi kuisoma. Hakukuwa na wa kumwelewesha. Akaichukua fomula akaihangaikia mwenyewe, akaweka nyuzi ya duara, yaani ule mstari unaounganisha ncha mbili za tao, mahali pa sine. Kwa pembe ndogo vitu hivyo viwili vinakaribiana sana, hesabu ikakubali. Tyrtov alipomsikiliza akielezea, aliona kwamba mtoto ameijenga dhana kwa njia iliyofanana na ile iliyotumika kihistoria. Akamwendea jenerali kumsihi binti asomeshwe hesabu.

Nitaendelea. Karibuni mchangie.

Msomaji Kimya

Nafuatilia tangu mstari wa kwanza. Mkuu, hiyo ndoa ya jina tu ilikuwaje? Najua umesema maisha yaje baadaye, ila bila hilo sielewi alitokaje kwao.

Mleta uzi

Sawa, nitaligusa kwa ufupi. Vyuo vikuu vya Urusi vilikuwa vimefungwa kwa wanawake, na msichana hakuweza kwenda kuishi nje bila ruhusa ya baba au mume. Vijana wa wakati ule wenye mawazo mapya wakabuni njia: kijana wa kiume anafunga ndoa na msichana kwa makubaliano, kisha kila mmoja anasoma yake. Vladimir Kovalevsky, ambaye baadaye alijulikana kwa utafiti wa visukuku vya wanyama, akakubali. Wakaoana 1868, na 1869 wakawa Heidelberg, Ujerumani.

Huko aliruhusiwa kuingia mihadharani, akawasikiliza Königsberger, Kirchhoff na Helmholtz. 1870 akaenda Berlin kumtafuta mwanahisabati mkubwa wa Kijerumani, Karl Weierstrass. Chuo Kikuu cha Berlin kikakataa hata asikae darasani kusikiliza. Weierstrass akampa maswali magumu ili kumpima, na majibu yaliporudi, mzee akakubali kumfundisha nyumbani bila malipo. Kazi hiyo ilichukua miaka minne.

Kufikia 1874 alikuwa na makala tatu mkononi. Ya kwanza ilihusu milinganyo ya mabadiliko, ya pili pete za sayari ya Zohali, ya tatu namna ya kurahisisha aina fulani ya intigrali za Abel, yaani jumla ngumu za kalkulasi. Weierstrass aliamini yoyote kati ya hizo tatu ingetosha kuwa tasnifu. Chuo Kikuu cha Göttingen kikampa shahada ya uzamivu kwa heshima ya juu kabisa, bila yeye kuwapo na bila mtihani wa mdomo. Katika Ulaya ya zama hizi hakuna mwanamke aliyemtangulia kupata uzamivu wa hisabati.

Pembetatu

Mkuu, swali langu usilichukulie vibaya. Nimewahi kusoma kwamba waliomjua walinong'ona kuwa kazi zile zilikuwa za Weierstrass, yeye aliandika tu. Kuna la kujibu hapo, au ni husuda?

Mleta uzi

Swali zuri, na linastahili jibu la hesabu kuliko jibu la hasira. Mwalimu wa Hesabu akiwa hewani nitamwomba aeleze ile makala ya kwanza. Mimi nianze na hili: Weierstrass alikuwa akitarajia kwamba njia ya mifululizo ingefanya kazi kwa milinganyo hiyo kwa ujumla. Sofia ndiye aliyeonyesha kuwa kuna mlinganyo wa kawaida kabisa, ule wa joto, ambao njia hiyo inakwama kwake. Mzee mwenyewe alimwandikia mwanahisabati mwenzake akikiri kwamba ugunduzi huo ni wa mwanafunzi wake. Mtu anayeandikiwa kazi hawezi kumsahihisha anayemwandikia.

Mwalimu wa Hesabu

Nimefika. Mkuu umenitaja nami naipenda sana sehemu hii, niruhusuni niitandaze taratibu.

Chukua kitu chochote kinachobadilika kwa wakati na kwa mahali: mawimbi, joto ndani ya fimbo ya chuma. Unajua hali yake ilivyo mwanzo, wakati sifuri. Una kanuni inayosema kitabadilikaje. Swali: je, mwanzo huo pamoja na kanuni hiyo vinatosha kukupa mwendo wa baadaye, na mwendo huo ni mmoja tu? Cauchy, mwanahisabati Mfaransa, alikuwa ameshalishughulikia kwa kiasi. Sofia akalijibu kwa upana na kwa usafi, makala ikatoka katika jarida la hisabati la Crelle mwaka 1875, na hadi leo wanafunzi husoma kanuni ya Cauchy na Kovalevskaya.

Njia yenyewe ni ya mfululizo. Unaandika jibu kama jumla ya vipande: kipande cha kwanza, ongeza kipande kinachozidishwa kwa wakati t, ongeza kinachozidishwa kwa t mara t, na kuendelea bila mwisho. Vipande vikipungua upesi, jumla inatulia kwenye namba moja. Visipopungua, huna jibu.

Sasa tazameni mfano wake. Mwanzo ni 1 gawanya kwa (1 – x), na tunasimama mahali x = 0.

Kanuni ya kwanza: kasi ya kubadilika kwa wakati ni sawa na mteremko wa mahali. Ukikokotoa, vigawo vya mfululizo vinatoka 1, 1, 1, 1, 1, daima moja. Ukiweka t ndogo kuliko 1, jumla inatulia vizuri.

Kanuni ya pili ni ya joto: kasi ya kubadilika kwa wakati ni sawa na mteremko wa mteremko. Yaani upande wa mahali umepigwa hatua mbili, upande wa wakati hatua moja. Vigawo vinatoka 1, 2, 12, 120, 1,680, 30,240. Vinalipuka. Mfululizo hautulii hata ukiweka t ndogo namna gani.

Mwanzo ni ule ule na unaonekana hauna kasoro. Kilichobadilika ni hatua moja tu ya ziada upande wa mahali. Sofia akaandika sharti: upande wa mahali usipande hatua nyingi kuliko upande wa wakati. Huo ndio mpaka, na aliuchora akiwa na miaka 24.

Pembetatu

Nimekuelewa, mwalimu. Asante sana. Hili nililisoma mara kadhaa kwingine likinipita juu ya kichwa.

Msomaji Kimya

Mleta uzi, tia nyama. Baada ya uzamivu alipata kazi wapi?

Mleta uzi

Hakupata. Hapa ndipo panaponiuma kuliko kujiua kwa Vladimir na kuliko kifo chake mwenyewe.

Alirudi Urusi mwaka 1874 akiwa na shahada ya Göttingen. Kazi iliyoonekana kumfaa ilikuwa kufundisha hesabu za mwanzo katika madarasa ya chini ya shule ya wasichana. Hakuichukua. Akakaa karibu miaka sita bila kufanya hisabati ya maana, na barua za Weierstrass zikarundikana bila majibu. Baba akafariki. Ndoa ya jina ikageuka ndoa ya kweli, na binti yao akazaliwa 1878. Yeye na Vladimir wakaingia kwenye biashara ya kujenga majumba, ikawafilisi.

Lakini tazameni kalamu yake wakati huo. Hakuiweka chini! Aliandikia gazeti: mapitio ya maigizo, makala za kueleza sayansi kwa watu wa kawaida. Wanaohesabu miaka hiyo kuwa miaka mitupu wanahesabu jarida moja tu. Kwa maoni yangu hapo ndipo mwandishi wa zile kumbukumbu za utotoni alipojifunza kazi.

Mwaka 1880 Chebyshev, mwanahisabati mkubwa wa Urusi, akamhimiza asome makala katika mkutano wa wanasayansi huko Petersburg. Hakuwa na kipya. Akaichukua ile ya Abel, iliyokaa sandukuni tangu 1874 bila kuchapwa, akaitafsiri usiku mmoja kutoka Kijerumani, akaisoma. Makala ya miaka sita, na bado waliomsikiliza waliiona mpya. Mittag-Leffler, mwanahisabati wa Uswidi, alikuwapo, na kuanzia hapo akaanza kumtafutia nafasi.

Mwalimu wa Hesabu

Naomba niongezee hapo kuhusu ile ya Zohali, maana huwa inapitwa. Laplace alikuwa amechukulia kwamba ukikata pete uso wa mkato una umbo la duaradufu. Sofia akaonyesha kwamba mkato unakuwa kama yai, upande mmoja mnene kuliko mwingine. Maxwell alikuwa ameshaonyesha kwamba pete hizo haziwezi kuwa kitu kimoja kizima, na kweli ni vipande vingi vinavyoelea. Kwa hiyo kama habari ya Zohali yenyewe, makala ile haikudumu. Thamani yake iko kwenye ufundi wa mifululizo alioutumia.

Mleta uzi

Kabisa, mwalimu. Tusimpambe kuliko anavyohitaji. Ipo pia makala yake ya mwaka 1885 kuhusu mwanga unavyopinda ndani ya fuwele. Mwaka 1891, baada ya yeye kufa, mwanahisabati Volterra alionyesha kwamba ina kosa. Ndani ya hiyo makala alikuwa ameegemea kazi ya Weierstrass ambayo haikuwa imechapwa, na kosa hawakuliona wote wawili. Makala zake za hisabati hazizidi kumi. Ni chache. Ukiangalia miaka aliyopewa meza ya kufanyia kazi, nazo ni chache.

Twende Stockholm. Vladimir alijiua Aprili 1883 baada ya kuingizwa kwenye kashfa ya kampuni ya mafuta. Novemba mwaka huo Sofia akafika Stockholm, na mwanzoni mwa 1884 akaanza kufundisha kwa Kijerumani. Mwaka wa kwanza chuo hakikumlipa mshahara, alitegemea ada za wanafunzi. Strindberg, mwandishi wa Uswidi, akaandika kwamba profesa wa hisabati mwanamke ni kioja, tena chenye madhara. Mwaka huo huo akapewa uprofesa wa miaka mitano. Akaingia pia katika bodi ya uhariri ya jarida la Acta Mathematica. Mwaka 1889 uprofesa ukawa wa kudumu.

Na hapo katikati, 1888, pia ikazunguka. Mwalimu, hii yako.

Mwalimu wa Hesabu

Pia, kile kichezeo cha watoto kinachozungushwa kwa kamba. Chuo cha Sayansi cha Paris kilitangaza tuzo ya Bordin: nani atapiga hatua katika kueleza mwendo wa kitu kigumu kinachozunguka huku nukta yake moja imeshikwa?

Visa viwili tu vilikuwa vimefunguliwa kikamilifu. Euler alifungua cha kitu kilichoshikwa kwenye kitovu chake cha uzito. Lagrange akafungua cha pia ya kawaida, ambayo kitovu chake kiko kwenye mhimili. Karibu miaka mia wakubwa walijaribu cha tatu wakashindwa.

Kila kitu kigumu kina mihimili mitatu, na kila mhimili una ugumu wake wa kuzungushwa. Kisa cha Sofia ni hiki: ugumu wa mihimili miwili unalingana, wa mhimili wa tatu ni nusu yake kamili, na kitovu cha uzito kiko kwenye bapa la ile miwili inayolingana. Ukiitazama pia ya namna hii ikizunguka, unaona vurugu. Chini ya vurugu kuna mpangilio, naye ameuandika wote.

Aliupataje? Akauchukulia wakati kama namba changamano, yaani namba yenye sehemu halisi na sehemu ya kufikirika. Hakuna saa inayosoma wakati wa aina hiyo. Lakini akauliza: ni lini majibu ya mlinganyo yatakuwa na tabia nzuri kila mahali katika uwanda huo, isipokuwa kwenye nukta chache yanapopanda bila kikomo kwa utaratibu? Vilijitokeza visa vya Euler na Lagrange, na kimoja kipya. Baadaye ilithibitishwa kwamba hakuna cha nne cha aina hiyo. Njia hii ya kukagua nukta mbaya ili kujua kama mlinganyo unafunguka inatumika mpaka leo.

Pembetatu, ulimuuliza mleta uzi kuhusu Weierstrass. Kazi hii ilikuja miaka 14 baada ya masomo ya Berlin.

Mleta uzi

Na maandiko yaliletwa bila majina, 15 kwa jumla, kila moja likiwa na kaulimbiu badala ya jina. Majaji waliliona lake bora kiasi kwamba tuzo ikapandishwa kutoka faranga 3,000 hadi 5,000. Kaulimbiu yake kwa Kifaransa nimeigeuza hivi: sema ulijualo, tenda likupasalo, litakalokuwa na liwe. Chuo cha Sayansi cha Urusi kikamchagua mwanachama wa mbali 1889, mwanamke wa kwanza, Chebyshev akiwa miongoni mwa waliompigania. Lakini nafasi ya kufundisha chuo kikuu nchini kwao hakupewa.

Pembetatu

Nimeridhika kabisa. Sasa hiyo kalamu ya pili. Kumbukumbu za utotoni tumezisikia, kuna zaidi?

Mleta uzi

Zipo. Kumbukumbu zilitoka kwa Kiswidi mwaka 1889, zikiwa zimevaa sura ya riwaya, halafu 1890 kwa Kirusi kama maisha yake mwenyewe. Aliandika pia makala kuhusu George Eliot, mwandishi wa riwaya wa Kiingereza aliyekutana naye London. Kuna riwaya ya Msichana Nihilisti, iliyochapwa baada ya kifo chake: msichana anaolewa na mfungwa wa kisiasa ili kumpunguzia adhabu, kisha anamfuata Siberia. Aliyeolewa kwa ajili ya kufika darasani anaandika juu ya aliyeolewa kwa ajili ya kuokoa mtu. Sidhani ni bahati tu.

Ila kwangu mimi kilele ni tamthilia aliyoibuni na rafiki yake Anne Charlotte Leffler mwaka 1887, Kupigania Furaha. Wazo lilikuwa la Sofia, uandishi mwingi wa Leffler. Ni tamthilia mbili sambamba zenye watu wale wale. Ya kwanza inaonyesha mambo yalivyokuwa, ya pili yalivyoweza kuwa.

Mwalimu ametueleza kanuni ya 1875: ukipewa mwanzo na kanuni ya kubadilika, mwendo ni mmoja tu. Mwanamke aliyeithibitisha ndiye huyu anayechukua maisha ya watu, anasogeza kitu, anatazama mwendo unavyotengana. Wapo waliomuuliza anawezaje kushika hisabati na fasihi kwa pamoja. Alimjibu mmoja wao kwamba mwanahisabati lazima awe na roho ya mshairi, kwa kuwa mshairi anapaswa kuona wasichokiona wengine, na mwanahisabati vivyo hivyo. Nikisoma tamthilia na kanuni naona ni swali lile lile kalichukua mara mbili.

Msomaji Kimya

Alikufa kwa nini?

Mleta uzi

Homa ya mafua, ikaingia mapafuni. Alikuwa akirejea Stockholm kutoka safari ya kusini, katikati ya baridi. Tarehe 10 Februari 1891, amezikwa huko huko. Weierstrass alizichoma barua zote ambazo Sofia alimwandikia. Tulizonazo ni za mzee kwenda kwa Sofia, tunasikia upande mmoja.

Msomaji Kimya

Nilikaa kimya kwa sababu nilichukua kalamu na karatasi. Mwalimu, vile vigawo vyako vya joto: kutoka 1 kwenda 2 unazidisha kwa 2. Kutoka 2 kwenda 12, kwa 6. Kisha kwa 10, kwa 14, kwa 18. Kila mara kizidishi kinaongezeka 4. Kwa hiyo kinachofuata baada ya 30,240 ni mara 22, nimepata 665,280. Niko sahihi?

Mwalimu wa Hesabu

Sahihi kabisa. Sasa weka t yoyote ndogo uitakayo, uone kwa nini mfululizo hauponi. Jaribu moja ya elfu.

Msomaji Kimya

Nimejaribu. Kila kipande ni kilichotangulia mara kizidishi, gawanya kwa elfu. Mwanzoni vinapungua upesi sana, unaweza kuapa kwamba jumla imetulia. Vinaendelea kupungua mpaka kizidishi cha 250, ambacho ni 998. Kizidishi cha 251 ni 1,002. Kuanzia hapo vinaanza kukua.